Mkataba wa fremu umeandikwa "utakuwa na ufanisi kuanzia 1 Julai". Kisheria maana yake nini?

#1 Fundi Saa Mwanjelwa
Wakuu, kwema? Nimepanga fremu hapa Mwanjelwa, Mbeya, upande wa kuelekea Kabwe. Mkataba tulisaini 14 Mei. Kifungu cha 3 kinasema hivi, nanukuu: "Mkataba huu utakuwa na ufanisi kuanzia tarehe 1 Julai." Sasa mzee mwenye fremu anadai kodi tangu siku ya saini, eti saini ndiyo mkataba. Mimi nasema kabla ya 1 Julai hakuna mkataba, ile ni karatasi tu. Jirani yangu wa mitumba ndiye kanimaliza kabisa: anasema ufanisi ni biashara ikifanikiwa, kwa hiyo nisilipe hata senti mpaka nianze kuona faida. Wajuvi wa sheria, neno ufanisi kwenye karatasi za kisheria lina maana gani?

#2 Ngoja Waje
Siti ya mbele, chai ya Rungwe mkononi.

#3 Mama Parachichi
Huyo wa mitumba ana namba ya simu? Ndiye wakili niliyekuwa namtafuta miaka yote.

#4 Karani Mstaafu
Mleta uzi, nimekula chumvi ya masjala ya mahakama mpaka kustaafu, karatasi za namna hii nimezipokea nyingi. Hapo umeletewa tafsiri mbovu. Mikataba ya Kiingereza huwa na mstari wa tarehe ambayo masharti yanaanza kushika, wasomi wenu wanaiita "efektivu deti". Mtu akaichukua, akafungua kamusi, akakuta efektivu ni ufanisi, akabandika. Kiswahili cha sheria hakisemi hivyo. Fungua sheria za nchi zilizoandikwa kwa Kiswahili, mwanzoni kabisa, mara nyingi utakuta "Jina na kuanza kutumika". Basi. Kifungu chako kilitakiwa kusema mkataba utaanza kutumika 1 Julai.

Na usishangae kitu kuwepo bila kuanza kutumika. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 4 na namba 5, zote ni za 1999. Zilianza kutumika 1 Mei 2001. Katikati hapo zilikuwa sheria, zimepita Bungeni, zina saini ya Rais, lakini ukija nazo mahakamani unarudishwa nyumbani.

#5 Joho la Kukodi
Karani kamaliza kazi kwenye maana, shikamoo mzee. Ila mleta uzi nakurekebisha. Kusema kabla ya 1 Julai "hakuna mkataba" si kweli. Mkataba upo tangu 14 Mei, mlikubaliana na mkasaini. Ungetaka kujitoa 20 Mei, mzee angekushika shati, na yeye angempa mtu mwingine fremu hiyo, ungemshika shati vilevile. Kilichosubiri 1 Julai ni wajibu, yaani kodi na matumizi. Kuwepo ni jambo moja, kuanza kushika ni jingine.

Maswali mawili: nani aliandika huo mkataba? Na ufunguo ulikabidhiwa lini?

#6 Fundi Saa Mwanjelwa
Kaandika mtoto wa mzee, anasema alipata mkataba mtandaoni akautafsiri kwa simu. Ufunguo nilipewa 20 Mei. Nikapiga rangi, nikafunga shelfu.

#7 Joho la Kukodi
Aaah! Kumbe. Hayo ndiyo ulitakiwa kuyasema juu kabisa.

Kwenye maneno una nafuu: utata wa kifungu humwangukia aliyekiandika, na aliyeandika ni upande wa mzee. Lakini kwenye hali halisi mzee naye ana la kusema, fremu ulikuwa nayo mkononi siku zaidi ya arobaini kabla ya Julai. Anaweza kuacha kudai "kodi ya mkataba" akadai malipo ya matumizi. Wewe utajibu ulikuwa unaandaa, hukuuza. Hiyo kesi si nyepesi kama mnavyodhani. Halafu kama huo mkataba haukulipiwa ushuru wa stempu, mkifika mahakamani wote wawili mtaambiwa haupokelewi kama ushahidi mpaka mlipie, na faini juu.

#8 Ngoja Waje
Kwa hiyo mkataba una nguvu, hauna ufanisi, na hauna stempu. Kama gari langu.

#9 Mwalimu wa Makambako
Kamwene wadau. Niingie upande wa lugha, maana mnalitukana neno la watu. Ufanisi mzizi wake ni -fana. Harusi ilifana, mavuno yamefana mwaka huu. Ufanisi ni hali ya jambo kufana, kufanikiwa. Maofisini wakalibebesha mizigo miwili kwa pamoja: kufikia lengo, na kufikia lengo bila kupoteza mali na muda. Sasa wa sheria wanataka kuongeza mzigo wa tatu, kuanza kushika tarehe fulani. Neno moja punda wa watu watatu! Kwa hiyo jirani wa mitumba, kwa Kiswahili sanifu, ndiye aliyesoma kifungu kilivyoandikwa. Mnamcheka bure.

#10 Fundi Saa Mwanjelwa
Mwalimu usinitie kiburi, nitaenda kumwambia mzee leo leo 😂

#11 Roda Tunduma
Mimi dereva, sheria naijua barabarani tu, ila Karani sikubaliani naye. Suala la tarehe ni dogo. Sheria ikianza tarehe fulani halafu hakuna anayeifuata, imeanza nini? Angalieni lumbesa. Sheria ya Vipimo inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100. Nendeni Isongole, nendeni Uyole, nendeni Njombe msimu wa viazi. Gunia limevikwa kilemba, limeshonewa kofia ya wavu juu, mkulima analipwa gunia moja. Nimebeba mwenyewe. Mizani ya barabarani inapima lori zima, haipimi kilemba. Hiyo sheria ina tarehe, ina namba, ina kila kitu. Kilo 100 ziko wapi?

#12 Karani Mstaafu
Dereva, hayo ni maneno mazito lakini si swali la mleta uzi. Wewe unauliza kama sheria inatiiwa. Yeye anauliza imeanza lini.

#13 Roda Tunduma
Kwenye uzi kasema "ufanisi kisheria ni nini". Soma kichwa cha habari, mzee wangu. Kwa heshima zote.

#14 Kijana wa Kihesa
Roda yuko sahihi kuliko anavyojua. Nasoma sheria mwaka wa tatu, hili tulilijadili darasani wiki nzima. Kuna Hans Kelsen, mwanasheria wa Austria, kitabu chake kikubwa kilitoka 1934. Yeye aliyatenga mambo mawili: uhalali wa sheria, yaani kama inamfunga mtu, na utendaji wake, yaani kama watu kweli wanaifuata au wasiofuata wanaadhibiwa. Uhalali wa sheria unatoka kwenye sheria iliyo juu yake: sheria ndogo ya kijiji inatoka kwenye sheria ya Bunge, ya Bunge inatoka kwenye Katiba, unapanda hivyo mpaka kwenye kanuni ya msingi ambayo huulizi imetoka wapi. Kwa hiyo lumbesa moja haiui sheria. Ila, na hapa ndipo penye utamu, akasema mfumo mzima usipofuatwa kwa ujumla wake, uhalali nao unaondoka. Utendaji si chanzo cha uhalali, ni sharti lake. Kama pumzi: si pumzi iliyokuzaa, lakini ikikata umekwisha.

Hili si la vitabuni tu. Uganda 1966, Waziri Mkuu Obote alisimamisha Katiba ya 1962 akaleta nyingine. Kwenye kesi ya Matovu, Jaji Mkuu Udo Udoma na wenzake wakamtumia Kelsen huyuhuyu: mapinduzi yamefaulu, katiba mpya inafuatwa, kwa hiyo ni halali. Yaani utendaji ulizaa uhalali. Wengi wameikosoa hukumu ile, wakisema inampa ushindi yeyote mwenye bunduki. Lakini ipo.

#15 Mama Parachichi
Mtoto wa Kihesa, mbona umetuacha Uyole ukaenda Uganda? Rudi, gari linaondoka.

#16 Joho la Kukodi
Kijana kasoma, hongera. Tatizo la mfano wa Matovu ni kwamba Kelsen alikuwa anaeleza, hakuwa anatoa ushauri kwa majaji. Ni kama daktari kukuambia mtu hufa akikosa hewa, wewe ukachukua mto.

#17 Mjukuu wa Kalenga
Mnazungumzia ufanisi wa sheria hapa Nyanda za Juu mnasahau fuvu? Hebu tulieni.

Wazungu walipogawana Afrika, mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 uliwawekea sharti, kwa madai mapya ya pwani, kwamba haitoshi kuchora ramani, lazima uonyeshe mamlaka yako yapo kweli pale ulipodai. Kwa hiyo hata wakoloni walilijua swali la Roda: umedai, je, unashika? Huku kwetu bara Wajerumani hawakushika. Agosti 1891 pale Lugalo, kamanda wao Zelewski na kikosi chake walikutana na Mkwawa, mtawala wa Wahehe, Zelewski hakurudi. Boma la Kalenga lilianguka Oktoba 1894, na bado Mkwawa aliendelea kuwasumbua porini mpaka 1898 alipojipiga risasi asikamatwe. Kwenye ramani ya Ulaya Uhehe ulikuwa wa Mjerumani muda wote huo. Niambieni, ufanisi wa ramani ile ulikuwa wapi?

Halafu fuvu lake Mkwawa. Wakalipeleka Ujerumani. Vita ya kwanza ilipoisha, Mkataba wa Versailles wa 1919 ukaweka kifungu cha 246: ndani ya miezi sita, Ujerumani ikabidhi kwa serikali ya Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa. Mkataba mzito kuliko yote wakati huo, umesainiwa na wakubwa wa dunia, ukatutaja sisi wa Iringa kwa jina. Kwa hiyo Desemba 1919 fuvu lilitakiwa liwe limekabidhiwa. Lilifika Kalenga 1954. Hiyo ni lumbesa ya miaka thelathini na tano.

#18 Karani Mstaafu
Mjukuu, asante, uzi umepanda daraja. Ila nakurekebisha tarehe, na rekebisho lenyewe ndilo jibu la Fundi Saa. Versailles ulisainiwa 28 Juni 1919, lakini ulianza kutumika 10 Januari 1920. Miezi sita ya kifungu cha 246 ilihesabiwa tangu ulipoanza kutumika, si tangu saini. Kwa hiyo siku ya mwisho ilikuwa Julai 1920. Umeona? Hata Mjerumani hakudaiwa fuvu tangu siku ya kalamu. Fundi, mchukulie mzee wako mfano huo.

#19 Fundi Saa Mwanjelwa
Yaani nimwambie mzee kodi ya fremu ni kama fuvu la Mkwawa. Atanifukuza.

#20 Mjukuu wa Kalenga
Rekebisho nimelipokea Karani. Miaka thelathini na nne basi.

#21 Mwalimu wa Makambako
Naomba nichokoze. Gavana Twining wa Tanganyika alilichagua lile fuvu huko Bremen, kati ya mengi yaliyokuwepo, kwa kulinganisha vipimo na vichwa vya ndugu wa Mkwawa. Wapo wanaouliza kama kweli ni lenyewe. Sitaki ugomvi na Wahehe. Ila tuseme, kwa kubahatisha tu, si lenyewe. Kifungu cha 246 kimetekelezwa au hakijatekelezwa? Fuvu limekabidhiwa, makaratasi yamesainiwa, watu wamelia, jumba la makumbusho lipo Kalenga. Kilichotakiwa na sheria kimefanyika. Lengo la sheria je? Ndiyo maana nasema ufanisi ni lengo kufikiwa. Utiifu wa Roda hautoshi, tarehe ya Karani haitoshi.

#22 Mjukuu wa Kalenga
Mwalimu, ni lenyewe. Mjadala umefungwa. Na wewe ukija Kalenga lete mbuzi.

#23 Mama Parachichi
Sasa mimi niseme la kwangu, nimecheka vya kutosha. Nina hukumu. Shamba la marehemu baba, upande wa Rungwe, jirani alivuka mpaka akapanda miti yake. Nilishtaki, nikashinda mwaka 2014, jirani hakukata rufaa. Dalali wa mahakama wa kwanza alichukua nauli akapotea. Wa pili aliniambia barabara ni mbaya, nisubiri kiangazi. Miti ya jirani sasa inazaa parachichi, anauza kwa kilo kwa wanunuzi wa nje, mimi nauza nyanya. Hukumu ipo kabatini, kwenye bahasha ya kaki, na nguo za kanisani. Niambieni hiyo ni halali, ina utendaji, imefana, au ni nini?

#24 Joho la Kukodi
Dada yangu, acha kila kitu usome hapa. Hukumu ina maisha. Muda wa kuomba kuikazia, yaani mahakama ilazimishe itekelezwe, ni miaka 12 tangu ilipotolewa. Ya 2014 ukiichekea kidogo tu itakuwa karatasi ya kufungia maandazi. Nenda kwenye masjala ya mahakama ileile iliyoitoa, peleka maombi ya kukazia hukumu, nakala iwe na mhuri. Mambo ya dalali utayasema humohumo kwenye maombi, usiyasemee gengeni. Usingoje kiangazi cha mtu.

Na kwa wanaobishana: hukumu ya dada ni halali, inamfunga jirani, ilianza kushika siku iliposomwa. Haijamfaa kitu.

#25 Mama Parachichi
Mungu wangu, miaka 12! Hakuna aliyeniambia. Jumatatu asubuhi niko mlangoni. Ndaga fijo.

#26 Roda Tunduma
Nilisema. Haijamfaa. Kwa hiyo haipo.

#27 Karani Mstaafu
Ipo! Ingekuwa haipo, Jumatatu angeenda kukazia nini?

#28 Bwana Shamba Uyole
Nimechelewa. Kuhusu lumbesa: si kweli kwamba hakuna anayekamatwa, kuna misimu watu wanatozwa faini na magunia yanafunguliwa palepale. Tatizo ni kwamba bei inapangwa kwa gunia, si kwa kilo. Mkulima anamhitaji mnunuzi kuliko mnunuzi anavyomhitaji mkulima. Askari akiondoka kilemba kinarudi. Ila kwa kuwa imevunjwa miaka mingi namna hii, mimi naona sheria ile imeshakufa kifo cha asili. Sheria isiyotumika hufa.

#29 Mzee wa Tukuyu
Bwana Shamba, hapana. Kuna nchi ambako sheria iliyoachwa muda mrefu huhesabika imekufa, Waskoti wanalo jambo hilo kwa sheria zao za zamani. Sisi tulirithi mkondo wa Uingereza, na kule sheria ya Bunge haifi mpaka ifutwe. Kuna kisa chao mashuhuri. Mwaka 1817 mtu mmoja, Abraham Thornton, alishtakiwa kwa mauaji mara ya pili na ndugu wa marehemu, baada ya kuachiwa na mahakama. Akatupa glovu chini akadai haki ya kupigana na mlalamikaji, aliyeshinda ndiye msema kweli. Utaratibu wa enzi za kale, watu walishausahau kabisa. Mwaka 1818 majaji wakafungua vitabu, wakakuta haujafutwa. Wakasema: sheria ndiyo hiyo, pigana naye. Mlalamikaji, Ashford, alikuwa kijana mwembamba, akaacha kesi. Mwaka uliofuata Bunge lao likaharakisha kuufuta.

Sheria za Uingereza tulizopokea hapa ni zile zilizokuwepo hadi 22 Julai 1920, na wakati huo mambo hayo yalikuwa yamefutwa zamani. Isingekuwa hivyo Fundi Saa na mwenye fremu tungewakutanisha Uwanja wa Sokoine.

#30 Ngoja Waje
Kiingilio shilingi ngapi?

#31 Fundi Saa Mwanjelwa
Mzee ana miaka 71 na bado anabeba saruji. Sipigani.

#32 Binti wa Ipogolo
Mmezungumza viazi, fuvu na glovu, nami nina mfano wa kinyume ambao hakuna aliyeutaja. Vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinaruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18. Rebeca Gyumi alifungua kesi, Mahakama Kuu 2016 ikasema vinapingana na Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kurekebisha. Serikali ikakata rufaa, Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Mwaka mmoja mwingine ukapita na maneno yaleyale yakabaki kitabuni. Lumbesa ni sheria hai ambayo watu hawaifuati. Hivi ni vifungu vilivyohukumiwa, na bado kuna baba kijijini anayevitegemea na kuna anayefungisha ndoa. Kijana wa Kihesa, Kelsen wako anaviitaje?

#33 Kijana wa Kihesa
Swali gumu dada. Ibara ya 30(5) ya Katiba inairuhusu mahakama, badala ya kutamka sheria batili papo hapo, kuipa Serikali muda, na ndani ya muda huo sheria inahesabiwa halali. Muda ukiisha bila marekebisho, ndipo tunapogombana darasani. Mimi nasema uhalali umeisha, umebaki utendaji mtupu. Mwenzangu mmoja anasema hapana, mpaka kitabu kibadilike karani wa ndoa ataendelea kukisoma kilivyo.

#34 Mwalimu wa Makambako
"Utendaji" nao mbaya. Mtendaji wa kijiji ana utendaji. Mngesema ufaafu.

#35 Karani Mstaafu
Ufaafu ni wa viatu.

#36 Joho la Kukodi
Katiba yenyewe, ibara ya 64(5), inasema "nguvu ya sheria". Maneno ya Kiswahili yapo, yana wenyewe. Tangu 2021 sheria ilipobadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, tunaokota maneno kwenye simu wakati yamejaa uani kwetu: nguvu, kushika, kutumika, kukazia, kufaa.

#37 Bwana Shamba Uyole
Kuhusu sheria kufa, nimemwelewa Mzee wa Tukuyu, lakini sijakubali. Waje Isongole mwezi wa saba tuhesabu vilemba pamoja.

#38 Fundi Saa Mwanjelwa
Mrejesho wakuu. Nimekwenda kwa mzee na mke wangu, na mchele wa Kyela kilo tano kama adabu. Nikamweleza ya Versailles. Akacheka sana, akasema babu yake alikuwa anasimulia habari za Mkwawa. Tumekubaliana siku za Mei na Juni nilipe nusu, kwa kuwa shelfu nilifunga kweli. Stempu tutagawana. Mtoto wake kaambiwa aandike upya kile kifungu cha 3. Ameandika: "Mkataba huu utaanza kufanya kazi tarehe 1 Julai."

#39 Mwalimu wa Makambako
Kufanya kazi! Kama jenereta?

#40 Karani Mstaafu
Rudisha. KUANZA KUTUMIKA. Niandike mara ngapi?